Mifereji Miwili Iliyopishana Mlangoni mwa Mto

Jumamosi, katikati ya mwezi wa tano. Asubuhi ukungu mzito, mchana upepo wa mwera, sasa jioni kimya. Mifupa inauma, lakini ndani ya kifua kuna kitu kinacheka.

Shajara, leo nimelowa mpaka kofia. Natafuta pa kuanzia. Nianzie usingizini, maana ndiko nilikokuwa mambo yalipoanza.

Nina ugonjwa mmoja ambao hospitali hawana dawa yake: napenda kulala mtumbwini. Naufunga kwenye kisiki pale mto wetu unapoingia ziwani, najilaza chali, mkono mmoja nauning'iniza upande wa mto, mwingine upande wa ziwa. Mkono wa mto unapata baridi ya milima ya Rungwe. Mkono wa ziwa unapata uvuguvugu, kama maji ya kuoga yaliyosahauliwa kwenye ndoo juani. Katikati ya mikono hiyo nimelala mimi, mzee mzima, na magamba ya usipa kwenye ndevu.

Ukilala hivyo unauona mpaka. Maji ya mto yana rangi ya chai ya maziwa, ya ziwa yana rangi ya chupa. Yanaongozana mbali kabisa bila kuchanganyika, kama mume na mke waliogombana njiani kwenda kanisani. Usipa, hawa dagaa wetu, wanakaa upande safi. Mbasa wanakaa palepale kwenye mshono, pua wameielekeza kwenye baridi, wanasubiri kupanda mtoni kutaga. Huko juu kuna changarawe safi na maji yanayokimbia, na mbasa hatagi kwenye maji yaliyolala. Ana maringo kama bibi harusi wa Kyela mjini.

Mwalimu wangu wa darasa la nne, darasa lililonichoka kabla mimi sijalichoka, alitufundisha kwamba mto huanza mlimani na kuishia ziwani. Mungu amrehemu. Hakuwahi kusimama hapa mwezi wa tano akaona jinsi ziwa linavyouambia mto: rudi ulikotoka.

Miaka hii ziwa limepanda. Sisemi limejaa, kujaa tumekuzoea, masika likijaa, kiangazi likishuka. Limepanda na kukaa, kama mgeni aliyevua viatu. Limemeza matete yote ya mbele na mstari mzima wa michikichi ya jirani yangu. Mto nao unashuka na udongo wa watu wa mlimani. Mimi nawaambia wenzangu kwamba tunalala juu ya mashamba ya Tukuyu, siku moja watakuja kuyadai. Ziwa linasukuma huku, mto unasukuma kule, na mlango wa mto unahamahama kila mwaka. Ndiyo hadithi ya bandari ya Itungi pia. Meli zilikuwa zinatia nanga pale, leo ukitaka kuona meli ufumbe macho.

Juzi mwera ulivuma usiku kucha. Tukaamka, mlango haupo. Mawimbi yamerundika mchanga kutoka kichaka hadi kichaka, fungu refu kama mgongo wa kiboko, na mto umesimama nyuma yake ukishangaa. Maji yaliyokosa pa kwenda yakageuka, yakaingia bondeni kwenye majaruba ya mpunga.

Upande wa ndani kambale wakaingia mpungani kusherehekea. Upande wa nje mbasa wakajazana mbele ya fungu la mchanga, mamia, matumbo yamejaa mayai, wakisubiri mlango ufunguliwe. Na mimi nilikuwa na mgono wangu pale pale, ule mtego wa kusuka kwa matete.

Shajara, nikudanganye wewe kwa faida gani?

Nilifurahi.

Nilijisemea, acha mlango ufungwe wiki nzima, mzee naye ale. Bonde la nani linafurika, sikutaka kuuliza. Nilijua. Kiraka cha chini kabisa, kinachofikiwa na maji kabla ya vyote, ni cha mkamwana wangu, Mama Bupe.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa wale mnaonisoma mtandaoni kutoka mbali. Huku kwetu Unyakyusani, zamani, mwanamke aliyeolewa hakumtazama baba mkwe wake. Hakumwita, hakukutana naye njiani, hakusema naye. Si uadui, ni heshima, heshima kali mpaka inafanana na uadui. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanatazama mpira. Mkamwana wangu hajaacha. Alizaliwa Ndandalo, kwa mama aliyemlea hivyo, na tangu mwanangu Gwakisa amlete nyumbani mimi namjua kwa mgongo tu. Najua kanga zake zote upande wa nyuma. Nikitoka kwangu nakohoa, naye akisikia anakata kona kwenye mikakao mpaka nipite. Kikohozi changu ndiyo honi yangu. Miaka yote hii hajanitamkia neno hata moja.

Kinachotuunganisha ni mke wangu. Mkamwana akiwa na shida anamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, nami najibu kwa njia ileile kama barua ya posta. Sasa posta imefungwa. Mke wangu yuko Tukuyu anamuuguza dada yake. Gwakisa yuko Tunduma na malori yake. Tumebaki wawili, mimi na mgongo.

Sasa turudi mtumbwini. Nimelala, mwera ndiyo umeanza kuamka, ukungu unaondoka vipande vipande. Mkono wa ziwa joto. Mkono wa mto nao joto. Pande zote mbili joto, mto haupo. Nikaota.

Niliota mimi ni mbasa. Usicheke. Mbasa mnene, mwenye mayai, na nimesimama mbele ya ukuta wa mchanga. Nyuma ya ukuta nasikia harufu ya nyumbani: majani ya chai, moshi wa kuni mbichi, mvua ya Rungwe. Inapenya mchangani kidogo kidogo, kama harufu ya nyama ya jirani. Naugonga mchanga kwa pua. Tok. Tok. Tok. Hakuna anayefungua. Mayai yananiuma kiunoni.

Nikaamka, na ile tok-tok inaendelea.

Lilikuwa jembe. Ng'ambo ya fungu la mchanga, upande wa mto, mtu mwenye kanga ya kijani amenipa mgongo, anachimba. Mgongo ule nilikuwa naujua.

Nikakohoa, kama ilivyo desturi, ili akimbie.

Hakukimbia.

Nikakohoa tena, kikohozi cha mgonjwa wa kifua. Akasimama, mgongo ukiwa wima. Kisha akasema, si kwangu, bali kwa maji yaliyokuwa miguuni pake:

"Wewe mto, sikiliza. Kuna mpunga bondeni umeinamisha vichwa, umebakiza siku chache uvunwe. Maji yamefika shingoni mwa masuke. Ukilala majini utaota palepale ulipo, na watoto watakula nini mpaka mwakani? Wenye mpunga wa juu wameshavuna, hawana haraka. Wenye mitego hapa mlangoni hawataki mlango ufunguliwe. Mimi sitaji mtu. Nakwambia wewe mto tu."

Nikajikuta nimekaa wima, mtumbwi ukayumba. Sauti yenyewe! Nilidhani itakuwa nyembamba. Kumbe ni nene, ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Nikamjibu, nami nikilitazama ziwa:

"Wewe ziwa, mwambie mto huko nyuma, amwambie aliyesimama ndani yake, kwamba mwenye mtego ni mzee, meno yamepungua, na mbasa ni laini."

Nadhani alicheka, mabega yalitikisika. Au alilia. Kwa nyuma mtu hawezi kujua, na hiyo ndiyo shida ya kumjua mtu kwa mgongo.

Akaendelea kuchimba.

Wakati huo akafika Hamadi na baiskeli yake, anaelekea Itungi kununua usipa. Hamadi ana duka pale, babu zake ni wa Pangani, na ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Anasoma kila ninachoandika kisha anakuja kubishana. Alisimama akatutazama, mmoja huku, mwingine kule, akaegemea usukani.

"Shikamoo mzee. Mnagombana?"

"Marahaba. Hatugombani. Tunazungumza."

"Na nani?"

"Mimi na ziwa. Yeye na mto."

Akacheka mpaka kengele ya baiskeli ikalia yenyewe. "Nyie watu mna kazi! Kwetu mkamwana ananipakulia chakula uso kwa uso, na chumvi ikizidi namwambia."

"Ndiyo maana bahari yenu ina chumvi," nikamwambia.

Lakini akageuka kuliangalia fungu la mchanga, na kicheko kikamwisha. Alisema kule Pangani alikozaliwa baba yake, bahari huingia mtoni na kutoka kila siku kama mtu mwenye funguo zake. Maji yakijaa yanapanda, yakipwa yanarudi, na mikoko na kaa na samaki wadogo wameyazoea hayo. Sasa mto umepungua nguvu, maji yametumika huko juu, basi bahari ikiingia haipati wa kuizuia. Inapanda na chumvi yake mpaka mashambani.

"Pale babu alipokuwa anachota maji ya kunywa," alisema, "shangazi yangu anachota maji ya kuchemshia muhogo, na chumvi hatii."

"Na minazi?"

"Minazi inavumilia. Mpunga ulishasusa siku nyingi."

Akapanda baiskeli akaenda zake, akipiga kengele njia nzima.

Mimi nikabaki na lile neno, ulishasusa. Nikawaza, basi ni ugomvi uleule. Kwao mto umechoka, bahari imepata nafasi. Kwetu ziwa limevimba, mto umekosa pa kupita. Na kila pahali aliyekaa katikati ndiye anayelowa. Samaki hana mkutano wa kijiji. Mpunga hauna kiti cha kukalia.

Nikautazama mgono wangu. Jana nilipasua mbasa mmoja, na ndani kulikuwa na mayai tu, rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nilimla. Alikuwa mtamu. Leo nimeota mimi ni yeye.

Kwa hiyo nilishuka mtumbwini na jembe langu. Sikufanya hivyo kwa wema, shajara, tusidanganyane. Nilifanya hivyo kwa sababu lile jembe la upande wa pili lilikuwa linanipiga kichwani, na kwa sababu nilianza kuhesabu wajukuu mmoja mmoja na matumbo yao.

Nikatangaza kwa sauti: "Ziwa, mimi naanza kuchimba kutoka upande wako. Wa huko aendelee. Tutakutana katikati."

Kukutana katikati! Mdomo wangu huwa unatangulia.

Sasa angalia tulivyofanya, na nakuapia hakuna watu wengine duniani wangefanya hivi. Yeye hawezi kunitazama, kwa hiyo alichimba amenipa mgongo, uso milimani, akirudi kinyumenyume kuja upande wangu. Mimi nami, nisimtie aibu, nikachimba nimempa mgongo, uso ziwani, nikirudi kinyumenyume kwenda upande wake. Kaa wawili. Kila mmoja ameacha mfereji mzuri sana mbele yake na hajui anakokwenda.

Jua likapanda. Mwera ukapanda nao. Mchanga ule mwepesi ukitoa jembe moja unarudisha nusu. Nikaingia katika ile hali ya kazi ambapo mtu halali na wala haamki. Jembe lake likisema, langu linajibu. Likawa kama mazungumzo marefu tuliyoyaahirisha miaka yote. Nilifikiri naelewa hata maneno yake. Tok: watoto hawajambo. Tok: paa la jiko linavuja. Tok: wewe mzee, kikohozi chako ni cha uongo.

Kisha nikashtuka. Tok yake haikuwa tena nyuma yangu. Ilikuwa ubavuni. Nikachimba kidogo zaidi, ikabaki palepale ubavuni.

Tumepishana!

Mifereji miwili, wake umejaa maji ya mto, wangu umejaa maji ya ziwa, imepitana kama wageni sokoni, na katikati ukuta wa mchanga upana wa mlango wa nyumba. Kunguru mmoja alikuwa ameukalia ukuta huo, anatuangalia kwa zamu. Yeye ndiye alikuwa mwenye akili pale.

Na mkamwana naye aligundua, maana jembe lake lilinyamaza. Baada ya muda nikasikia anapiga simu. Akaiweka juu ya ukuta wa mchanga, akafungua sauti kubwa, akarudi kinyumenyume mahali pake. Sauti ya mke wangu ikatoka mchangani kama ya malaika mwenye hasira.

"Baba Gwakisa!"

"Naam."

"Ugonile?"

"Nililala, ndiyo. Mtumbwini."

"Ndiyo ugonjwa wako. Mama Bupe ananiambia mmepishana mnachimba. Mmepishanaje, nyie ni wazima?"

"Hatuonani."

"Najua hamwonani, mimi ndiye ninayewafanya msionane! Sasa sikilizeni. Mmoja aende kushoto, mwingine aende kulia. Si mtakutana?"

Kwa aliyeko Tukuyu jikoni, ilikuwa hesabu safi kabisa. Tukatii. Mimi kushoto, yeye kulia. Sasa kumbuka, shajara, tumepeana migongo. Kushoto kwangu na kulia kwake ni upande mmoja! Tukahama wote wawili kuelekea Itungi, sambamba kama reli, kila mmoja akichimba kwa bidii na imani, na ukuta wa mchanga katikati yetu haukupungua hata kiganja.

"Mmekutana?" ikauliza simu.

"Bado," nikasema.

"Ongezeni!"

Tukaongeza. Nadhani tungefika bandarini. Lakini mtandao ukakata, simu ikaimba kidogo, ikanyamaza.

Nikasimama. Mgongo ulikuwa haukunjuki. Bondeni kulikuwa na kijani na njano, na pale chini kabisa, kiraka chake, hakukuwa na rangi, kulikuwa na kioo. Maji yanang'aa na masuke machache yanachungulia. Nikaelewa kwamba tukienda kula chakula cha mchana tukarudi, hakutakuwa na cha kurudia.

Kuna jambo moja rahisi ambalo lingetatua yote. Mtu mmoja ageuke, atazame. Mimi ni mzee asiye na adabu, nimemtania mpaka mchungaji, ningeweza kugeuka. Lakini ningegeuka ningemkuta katika hali gani? Kanga imelowa, uso una mchanga, amechoka. Angebaki na aibu hiyo peke yake, mimi ningeenda zangu kulala mtumbwini. Kumbe hata mimi nina mlango nisiotaka kuuvunja. Sikujua.

Basi nikafanya hivi. Nikafumba macho. Nikayafumba kwelikweli, si kama wakati wa sala. Nikageuka.

"Mto," nikasema, "mwambie aliyeko huko asigeuke wala asihame. Aendelee kuchimba palepale. Mimi nimefumba macho. Nitafuata sauti."

Mawimbi. Kisha jembe lake likaanza, na chini ya jembe, taratibu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa pua, bila maneno, ili nisipotee.

Shajara, jaribu siku moja kuchimba ukiwa umefumba macho. Dunia inakuwa kubwa. Nilisikia mwera ukipita kwenye matete yaliyobaki. Nilisikia mbasa wakipigapiga mikia nyuma yangu. Nilisikia mchanga wenyewe unavyopumua. Na mbele yangu wimbo ule, ukikaribia, ukikaribia, mpaka nikasikia na pumzi anayoivuta kati ya ubeti na ubeti. Miguu yangu ilikuwa katika maji ya ziwa, joto, joto, kama ndani ya ndoto.

Halafu kidole gumba cha mguu wa kulia kikapata baridi.

Kwanza kama uzi. Uzi wa baridi uliopita kati ya vidole. Nikasimama nikautafakari. Ilikuwa mvua ya Rungwe. Ilikuwa imetoka huko mbali, imepita chini ya majani ya chai, imekaa nyuma ya mchanga siku zote hizi, na sasa imenigusa kidole. Nilitaka kumwambia mtu. Nikafungua mdomo.

Ndipo ukuta ukaporomoka wote.

Maji ya mto yalinichukua miguu kama mtu anavyovuta mkeka. Jembe likaenda. Kofia ikaenda, ikarudi, ikakwama usoni. Nikanywa maji ya Tukuyu, na udongo wao, na nadhani na mende mmoja. Mkondo unanipeleka ziwani, mchanga ninaoushika unakatika mkononi. Mimi najua kuogelea, lakini najua kwa kumbukumbu, si kwa mwili.

"Baba!"

Sikujua ni nani anaitwa.

"Baba! Shika mpini! Baba, huku! Huku, mkono wa kulia! Shika!"

Nikatupa mkono kulia. Mti laini, uliolainishwa na viganja vya mtu mwingine. Mpini wa jembe lake. Nikaushika kwa mikono yote miwili, na upande wa pili mtu akavuta kama anayevuta nyavu. Wakati navutwa, vitu vizito, laini, vyenye haraka vikawa vinanigonga mapajani, kimoja, kingine, kingine, vikipanda juu nilikotoka. Mbasa. Wananipita mimi kama nguzo ya daraja. Hawakusema hata hodi.

Nikafika mchangani, nikalala kifudifudi. Sikufumbua macho. Nilisikia anahema. Nilisikia anasubiri kuona kama naishi. Nikakohoa, safari hii kikohozi cha kweli, maji yakatoka.

Hatua zake zikarudi nyuma. Zikaenda. Zikasimama mbali. Na ile sauti nene, iliyorudi sasa kuwa ya heshima, ikasema:

"Mto, ndaga. Ndaga fijo."

Hivyo ndivyo tunavyoshukuru kwetu. Aliushukuru mto.

Nilipofumbua macho hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mlango mpana wa maji ya rangi ya chai unaomwagika ziwani, na mbele yake ule mshono ukijichora upya, upande mmoja maziwa, upande mmoja chupa. Mgono wangu umekwenda na maji. Nadhani uko Malawi.

Jioni nimezunguka njia ya mbali, nikikohoa ipasavyo, mpaka ukingoni mwa bonde. Maji yameshuka. Kwenye mabua ya mpunga kuna mstari wa tope unaoonyesha yalipofika, na masuke mengi yako juu ya mstari huo. Machache yamelala, hayo ni ya kambale na bata. Jumatatu wanawake watamsaidia kuvuna kabla ziwa halijabadili mawazo, maana litabadili. Mwera ndiyo kwanza umeanza. Mlango huu tuliouchimba hautafika mwezi wa saba, nami sijui mwakani mto utatokea wapi. Labda chumbani kwangu.

Mke wangu amepiga simu. "Ameniambia mlango umefunguka."

"Umefunguka."

"Na wewe ulianguka?"

"Niliteleza."

"Nasikia kuna mtu alikuita."

"Masikio yalikuwa yamejaa maji," nikasema. "Sikusikia kitu."

Kisha akasema, "Vizuri, baba Gwakisa," kwa sauti ambayo hajaitumia kwangu tangu tukiwa vijana.

Na wewe Hamadi, ukisoma haya kesho dukani, kaa nayo humohumo dukani.

Sasa niko mlangoni kwangu, miguu ndani ya beseni. Nimetia maji ya moto lakini kidole gumba cha kulia bado kina baridi, na sitaki itoke. Swali linaloniweka macho ni dogo. Asubuhi nitatoka kwenda mtumbwini, naye atakuwa anapita kwenda bondeni. Nikohoe kama siku zote, akate kona kwenye mikakao? Au ninyamaze, nisikie tu nyayo zikipita?

Nadhani nitakohoa.

Lakini kidogo.